Mbinu ya Kufisisa

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Baridi ya kukata masikio. Watoto wapya wa Darasa la Kwanza wamekuja na masweta yanayofika magotini. Nusu wanalia, nusu wanawatazama wanaolia. Mimi nilitaka kujiunga na wanaolia, kwa sababu Mwalimu Mkuu Patriki alituita ofisini, mimi na Madam Letisia, kabla hata ya chai.

Habari yenyewe ndiyo hii. Darasa la Kwanza lina mikondo miwili: A wangu, B wa Letisia. Mwaka huu wameandikishwa watoto wachache, kwa hiyo mikondo itaunganishwa, na mwalimu mmoja atatosha. Na yule mwingine? Mkuu alitazama dirishani. Akasema kuna shule Yaeda Chini haina mwalimu wa darasa la awali. Akasema ni nafasi nzuri ya kulitumikia taifa. Hakusema kwa nini asilitumikie yeye.

Afisa wa elimu atakuja wiki ijayo kupitia maazimio ya kazi, yaani zile karatasi zinazoonyesha kila wiki ya muhula tutafundisha mada gani, kwa mbinu gani, kwa zana zipi. Mwenye azimio bora atabaki hapa Dongobesh. Mwingine afungashe.

Yaeda Chini! Mimi! Mwenye shamba la vitunguu saumu na nguruwe jike mwenye mimba! Nilipomweleza mke wangu aliuliza kama azimio nimeshaliandika. Nikasema linakuja. Akasema nikihamishwa yeye atabaki kumwangalia nguruwe. Alisema haraka sana, kama mtu aliyekwisha kulifikiria.

Jumatano, 15 Januari

Nimeanza kuandika azimio. Nimepiga mistari ya jedwali vizuri sana. Wiki ya kwanza, mada: usafi wa mwili. Nikapumzika.

Letisia amewatoa watoto wake nje asubuhi nzima. Nilidhani amechoka kufundisha, kumbe anawauliza maswali ili ajue aandike nini. Kwenye azimio lake, wiki ya tatu ni kuhesabu kwa mbegu za maharage. Wiki ya tano ni kwa nini asubuhi kuna ukungu. Wiki ya saba ni sauti za wanyama wa nyumbani. Hongera sana, Madam. Mtoto wa Mbulu aje shule kufundishwa ng'ombe analiaje!

Na yote hayo anaandika kwa mkono. Kwa rula na kalamu mbili. Katika zama hizi za WhatsApp. Namhurumia.

Alhamisi, 16 Januari

Akili ni mali. Nimempigia Yahaya, mwenyeji wa Katesh, tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Sasa anafundisha Pangani, Darasa la Kwanza kama mimi. Ana azimio la muhula mzima, limechapwa kwenye kompyuta, lina kila safu. Amenitumia. Nikamwambia Mungu akubariki, na nilimaanisha.

Nimelifungua jioni. Zuri mno! Lina umahiri, lina shughuli, lina zana. Tatizo dogo tu: limejaa bahari. Wiki ya pili ni samaki na magamba yake. Wiki ya nne ni papa na meno yake. Wiki ya sita, kaa hutembeaje. Zana za kuhesabia ni vifuu vya nazi. Mimi nazi nimewahi kuiona hapa Dongobesh, moja, dukani, na mwenye duka mwenyewe alikuwa haiuzi.

Lakini tatizo la maneno dawa yake ni maneno. Nitayabadilisha.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeshuka sokoni mpaka duka la Muksini, yule kijana mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa. Aliniamkia vizuri, shikamoo Ticha. Nikamweleza shida. Akasema kuna njia: unaiambia kompyuta itafute neno fulani popote lilipo, iweke lingine. Kubofya mara moja tu, muhula mzima umebadilika.

Nilikaa kwenye kiti nikaamuru kama mkuu wa majeshi. Samaki awe ng'ombe. Papa awe fisi. Kaa awe mbuzi. Nazi iwe mahindi. Muksini akabofya, bahari ikakauka. Dakika chache tu! Letisia wakati huo yuko nyumbani na rula yake.

Muksini aliuliza kama nataka kulisoma kwanza kabla hajachapa. Nikamwambia kijana, hili azimio nimelitunga mwenyewe. Nikalifunga kwenye bahasha, nikapita gulioni kununua dagaa.

Jumatatu, 20 Januari

Nimekabidhi azimio kwa Mkuu mbele ya walimu wote. Limechapwa, lina jalada la plastiki. Letisia amekabidhi daftari. Nilimpa pole kwa macho tu, sikutaka kumwaibisha. Nimelala vizuri leo mchana, wakati wa kipindi cha kuchora.

Jumanne, 21 Januari

Msiba.

Mkuu ameniita ofisini. Azimio langu lilikuwa mezani, kalamu nyekundu kando. Akaanza kwa upole, akisema ameona jambo la kumtatiza kidogo kwenye wiki ya kwanza. Akasoma: "Mwanafunzi amahindingatia usafi wa mwili." Akauliza kuamahindingatia ndiko kufanyaje.

Jasho lilinitoka, na baridi yote hii. Akaendelea. Wiki ya tatu: "Wanafunzi kumbuzi katika vikundi." Wiki ya tano, milango ya fahamu: "Wanafunzi kufumba macho na kufisisa vitu mbalimbali." Matunda ya kuchora: embe, chungwa na fisii. Halafu kuna mahali mkwezi anapanda juu ya mmahindi mrefu. Na wiki ya pili watoto wanataja rangi za magamba ya ng'ombe.

Ningeweza kusema kweli. Wazo hilo lilinijia, nikaliona likipita. Nikasikia mdomo wangu unasema: Mkuu, hayo ni maneno ya mtaala mpya.

Mkuu akaweka kalamu chini taratibu. Tangu mtaala mpya uje hakuna mwalimu mwenye amani hapa. Jana tulikuwa na stadi, leo ni umahiri, kesho sijui. Mtu ukiuliza maana ya neno unaonekana hukuhudhuria semina. Mkuu semina alihudhuria, lakini kila mtu anajua alikuwa nyuma kabisa, karibu na chai. Akakohoa. Akasema: "Aa, kufisisa. Ndiyo, ndiyo. Walitugusia." Akanirudishia azimio kwa mikono miwili.

Jioni nilimkimbilia Muksini nimwoneshe alichonifanyia. Hakutishika. Alinionesha kwenye kioo: ndani ya neno anazingatia kumelala nazi. Ndani ya kupapasa kuna papa. Ndani ya kukaa kuna kaa. Hata papai amebeba papa wake. Akasema: "Ticha, hii mashine inafanya ulichosema. Ulichotaka haikijui." Kijana hana adabu kabisa. Nimerudi kwa miguu nikiilaani lugha yetu hii, inayoficha maneno ndani ya maneno kama mwanamke anavyoficha funguo.

Jumatano, 22 Januari

Kikao cha walimu. Mkuu amesimama akatangaza kwamba shule yetu imepiga hatua, tuna mbinu ya kufisisa. Walimu wote wakatikisa vichwa. Mwalimu wa Hisabati alisema hata yeye huwa anafisisa, ila si kila siku.

Letisia peke yake hakutikisa. Aliomba kuliona azimio langu. Alisoma kurasa mbili, akang'ata kalamu, mabega yakaanza kumtetemeka. Baadaye alinisogelea karibu na birika la chai, akaniuliza kwa sauti ndogo kama neno hili kufisisa, kabla halijaingia kwenye kompyuta, halikuwa kupapasa. Nikamwambia Madam, tusichanganye mtaala wa zamani na mpya. Akasema, sawa Mwalimu.

Nilijua nimekwisha. Angesimama tu akasema neno moja na mimi ningekuwa njiani kwenda Yaeda Chini. Akasimama kweli! Nikafumba macho. Halafu nikamsikia akisema kwamba Mwalimu Wolfgang, yaani mimi, ametuacha mbali sote, na anapendekeza afisa akija asipewe karatasi tu, aoneshwe somo lenyewe la kufisisa darasani. Walimu wakapiga makofi.

Mwanamke mjinga. Alikuwa ameshika kisu kwenye mpini akanikabidhi mimi.

Alhamisi, 23 Januari

Nimegundua kwamba sina somo la kufisisa.

Nimekaa na azimio usiku kucha. Nimejaribu kufikiri kama mtaalamu. Watoto wafumbe macho, hilo limeandikwa. Wafisise, yaani wafanye kifisi. Na kwenye wiki ya tatu wanambuzi katika vikundi. Kwa hiyo kuna mbuzi, na kuna fisi kipofu. Jambo zima limejiandika lenyewe. Sijui kwa nini watu husema kutunga ni kazi.

Mke wangu ameniuliza ninatafuta nini chini ya meza nimefumba macho. Nikamwambia ni mambo ya kitaaluma. Akasema nguruwe amekataa kula, niende nikafisise huko.

Ijumaa, 24 Januari

Afisa amefika. Bwana Gidahosh, kijana, shati jeupe, viatu vya kung'aa mpaka alipovuka uwanja wetu. Alinipa shikamoo kwa sababu ya mvi zangu. Nikaitika marahaba kwa sauti ambayo Letisia angeisikia hata angekuwa Haydom.

Somo: milango ya fahamu. Nikagawa darasa. Nusu mbuzi, waketi kwenye vikundi bila kutoa sauti. Nusu fisi, wafumbe macho, watambae wakipapasa mpaka wamtambue mbuzi ni nani. Nikasema kwa ukali: fisiseni!

Dakika moja ya kwanza ilikuwa nidhamu. Halafu mtoto mmoja anaitwa Eva, baba yake ana mifugo mingi, akafumbua macho akanisahihisha mbele ya afisa. Alisema fisi hapapasi hivyo. Fisi ananusa kwanza, halafu anasikiliza, halafu ndiyo anakuja. Darasa zima likamuunga mkono. Nikasema haya, nuseni. Basi! Fisi wakaanza kunusa sweta za wenzao. Mwanangu Yohanes alitambuliwa kwa harufu ya vitunguu saumu. Mwingine alitambuliwa kwa kucheka. Mbuzi wakapiga kelele, mabenchi yakaanguka, na Eva, akiwa amefumba macho vizuri kabisa kama alivyoagizwa, akanusa kiatu cha afisa, akapapasa goti, akang'ata suruali.

Afisa akaruka. Eva, macho bado kafumba, akatangaza kwamba huyu si mbuzi wetu, ana harufu ya sabuni.

Bwana Gidahosh akacheka mpaka akakaa chini. Akaandika. Akaandika ukurasa wa pili. Aliwauliza watoto wametumia nini kumtambua mwenzao, wakamjibu wote kwa pamoja: pua, masikio, mikono! Akaniuliza nadharia ya mbinu hii inaitwaje. Nikamwambia ufisishaji.

Lazima niandike na hili, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Kengele ya kwenda nyumbani ilipigwa na hakuna mtoto aliyetoka. Walibaki wakiniomba wafisise tena. Miaka yote niliyofundisha kengele imekuwa rafiki yao na yangu pia. Leo nilifurahi, nilifurahi kweli. Baadaye nikakumbuka Yaeda Chini, nikafurahi zaidi.

Jumatatu, 27 Januari

Kikao cha uamuzi. Nilivaa koti la harusi.

Afisa alianza na Letisia. Azimio lake ni safi, mada zinafuatana, zinatoka kwenye mazingira ya watoto. Alisema kwa maneno machache tu. Nikajua amemaliza naye. Kisha akageuka kwangu, na hapo maneno hayakuwa machache. Ubunifu! Ushirikishwaji! Hajawahi kuona kitu kama kile tangu aanze kazi. Akauliza kama kuna mwenye la kuongeza.

Letisia akanyoosha mkono. Aliongea kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Akasema yeye ni mwalimu wa kawaida, hawezi kufisisa hata akifundishwa. Akasema kipaji kama cha Mwalimu Wolfgang kukifungia Dongobesh, mahali penye walimu tele, ni uchoyo. Kipelekwe penye uhitaji. Wapo watoto wadogo ambao hawajawahi hata kuwa na mwalimu wa awali, ndio wanaostahili mwanzilishi wa mbinu yenyewe.

Maneno mazuri sana. Nilikuwa nimeshaanza kupiga makofi ndipo nikalisikia neno Yaeda.

Afisa akasema hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Mkuu akasema na moyoni mwake pia. Nikasimama kueleza kwamba kwa kweli mimi kufisisa sikujui vizuri, kwamba lilikuwa kosa la kompyuta, kwamba kulikuwa na papa. Afisa akashika bega langu. Akawaambia walimu: "Mnaona? Wataalamu wa kweli huwa wanyenyekevu." Wakapiga makofi mara ya pili. Letisia alipiga kuliko wote.

Nimemweleza mke wangu. Alikuwa ameshanikunjia mashati.

Jumapili, 2 Februari

Yaeda Chini. Nimefika juzi juu ya lori la mahindi, koti la harusi limebadilika rangi. Joto. Vumbi. Darasa moja la matofali, watoto wa awali wengi kuliko madawati, macho yote kwangu. Mama Yohanes amepiga simu: nguruwe amezaa salama. Amesema kuna kitoto kimoja kidogo hakijui chuchu iko wapi, wamekipa jina la Ticha.

Mwalimu mkuu wa hapa ni mama mmoja mpole, Madam Rogathe. Anataka azimio la muhula mwishoni mwa wiki. Ameshauri nisiandike kwanza. Nitembee na watoto siku chache, wanijulishe ndege, mizizi na asali, wanijulishe mifugo yao, halafu mada nizitoe humo. Nimemshukuru sana. Watu wasio na mtandao wa uhakika huwa na mawazo ya namna hiyo.

Maana mimi safari hii nimejifunza. Marko, tuliyesoma naye chuo, anafundisha awali kule Kilombero. Nimepanda kilima penye mtandao, nimempigia, amenitumia azimio lake. Nimelisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, si kama ile mara. Limenyooka ajabu: "Mtoto aweze kutaja," "Mtoto aweze kuchora," kila mstari unaanza sawasawa mpaka mwisho. Kasoro ni moja tu. Kule kwao ni mto kila mahali, kuvuka mto, samaki wa mto, na huku mto hatuna, tuna makorongo.

Sikurudia ujinga wa maneno manne. Nimechagua neno moja, fupi, lisilo na pa kujificha. Nimemtumia Muksini, kisha nikampigia kumwambia popote penye mto aweke korongo, achape, ampe dereva wa lori la kesho. Alianza kusema "Lakini Ticha," nikakata simu, sina muda wa kubishana na watoto.

Ujumbe wake umeingia sasa hivi, nikiwa bado hapa kilimani. Anasema mashine imebadilisha sehemu mia nne na kitu. Sikujua Kilombero kuna mito mingi kiasi hicho.